Dua ya Kompyuta Zilizofunikwa

Jumatano, tarehe 13 Juni 2007. Asubuhi kulikuwa na baridi na manyunyu huku mtaani kwetu Rhonda.

Jioni wafadhili walikuja kuona darasa letu la watu wazima. Mwalimu mkuu, Bwana Sigilai, alifungua chumba cha kompyuta walizotuletea mwaka jana, akaondoa vitambaa vilivyozifunika. Sisi hatukuwa tumewahi kuzigusa. Tulijifunza barua pepe kwa kugonga herufi zilizochorwa kwenye katoni, na binti yangu Umaima, aliye kazini Muscat, bado anangoja barua yangu.

"Mama Umaima, wewe ni mtu wa sala," mwalimu mkuu akasema. "Tuombee dua ya shukrani."

"Nishukuru nini, mwalimu?"

"Shukuru vitambaa, mathe," Muhidin, fundi wa baiskeli ninayesoma naye, akadakia nyuma yangu. "Vimefuliwa vizuri."

Wenzangu wakacheka. Niliinua mikono nikaomba kwa sauti, "Ya Rabi, unajua hatujawahi kuziwasha. Siwezi kukudanganya kwa sababu ya wageni."

"Ni kweli?" mgeni mmoja akamuuliza mwalimu mkuu.

"Hawa wataziharibu."

"Zikiharibika zitatengenezwa," mgeni akamjibu.

Sikuishusha mikono. "Dua haijaisha, mwalimu. Nangoja ahadi yako, na useme wote wasikie."

Bwana Sigilai alitazama wageni, kisha akatutazama sisi.

"Kesho jioni mtaziwasha wenyewe," akasema, "na Mama Umaima ndiye atakayeanza."