Watoto Thelathini na Saba

Simu yangu haikuwa na mazoea ya kulia. Tangu baba wa mwanangu aende kufanya kazi mbali, salamu zake zilipungua, kisha zikakauka kabisa. Kwa hiyo Jumatano ile asubuhi, ilipotetemeka mezani mfululizo, nilidhani ni yeye kabla sijasoma.

"Mzazi, kesho ni siku ya chanjo ya mtoto wako."

Ujumbe thelathini na saba, kila mmoja na jina la mtoto. Wangu hakuwemo.

Nikajua papo hapo nimeharibu wapi. Nilikuwa kwenye mwezi wa majaribio pale zahanati, peke yangu katika kilichokuwa chumba cha mashuka, nikihamishia kumbukumbu za watoto kwenye mfumo mpya wa kuwakumbusha wazazi kwa simu. Zilikuja katika JSON, muundo wa kupanga taarifa za kompyuta, kama sufuria zilizopangwa moja ndani ya nyingine: mtoto, ndani yake mlezi, ndani ya mlezi simu. Programu yangu ilizitoa mojamoja na kuipa kila moja aina yake: Mtoto, Mlezi, Simu. Aina ya Simu niliiandika isikubali utupu, basi kila mtoto asiye na namba aliikwamisha kazi nzima. Siku ya kujaribu nikaziba pengo kwa namba yangu, ipite tu. Nikasahau kuitoa.

Ningeweza kufuta na kunyamaza. Ijumaa Sista, muuguzi mkuu, angeamua kama nabaki, na nani angejua? Lakini kesho wale watoto wasingeletwa.

Nikaenda kumweleza yote. Alinitazama juu ya miwani, akauliza kama wote hao nimewazaa mwenyewe au wengine ni wa kuazima. Sikuweza kucheka.

"Sasa watapatikanaje, mwanangu?"

Nikamwambia nimeirekebisha: Simu sasa inaruhusiwa kukosekana, na anayeikosa anaingia kwenye orodha pamoja na mtaa wake. Sista akaichukua karatasi ya orodha, akaichana katikati, nusu akanipa, akavaa viatu. Habari ya Ijumaa hakuigusa, nami sikuuliza.

Mlango wa kwanza ulifunguliwa na mama wa rika langu, mtoto begani. Nikamtajia jina la mwanawe na chanjo ya kesho. Akamhamishia mtoto bega la pili.

"Kumbe kuna mtu anajua tupo?"

Akanisogezea kigoda. Nilikuwa na milango kumi na saba mbele yangu, lakini nikakaa.