Samaki wa Kifuuni

Mwalimu wa kijiji chetu cha Fukayosi alikuwa na chuo, msahafu na bakora. Mimi Mwanvita nilikuwa na uwanja, vifuu vya nazi, na watoto wadogo ambao hata kufuta kamasi walikuwa hawajui. Mama zao walipokwenda porini kuchimba mizizi waliniachia mimi, kwa kuwa mguu wangu mbovu haukunifikisha mbali.

Ulikuwa mwaka wa njaa, kabla Wadachi hawajapandisha bendera yao Bagamoyo. Mtoto asiye na shughuli hulilia chakula, na chakula hakikuwapo, basi niliwatafutia shughuli. Tulisugua kipande cha sandarusi, ule utomvu mgumu wa mti, kwenye kaniki yangu, tukakisogeza karibu na pumba, pumba zikaruka na kuganda juu yake. Tulitia vitu majini tukaona kipi kinaelea na kipi kinazama. Na kila aliyenijia mbio kunieleza jambo nilimjibu vile vile: "Usiniambie. Nionyeshe."

Mchezo mkubwa ulikuwa wa ndiga. Ndiga ni kiazi cha porini chenye sumu. Hukatwa vipande vyembamba, kikalowekwa siku kadhaa kwenye maji yanayokwenda mpaka sumu itoke. Mwenye haraka akikila huanguka akitetemeka, na wengine hawainuki tena. Basi niliwazulia watoto jambo langu mwenyewe, wala si la mababu. Kamulia ndiga kwenye kifuu cha maji, utie kisamaki. Kifuu cha pili kiwe cha maji matupu, nacho kiwe na kisamaki chake. Wa ndiga akifa na mwenzake akaishi, ndiga bado. Wakifa wote wawili, pengine tumewaua sisi kwa kuwabana mkononi, tuanze upya.

Wifi yangu Fatu alinicheka. "Watu wanakufa njaa, wewe wawafundisha watoto kuchezea kitoweo!"

Siku moja kaka yangu Bwanausi, mumewe Fatu, alikuwa Bagamoyo akitafuta mtama, na sisi hatukuwa tumetia kitu kinywani tangu juzi. Fatu alikwenda kijitoni alfajiri, giza bado, akaleta kapu moja la ndiga kati ya mawili tuliyoloweka. Siku za kuloweka zilikuwa zimetimia. Jua lilipopanda, chungu kilikuwa motoni, na mate yalinijaa mdomoni, sisemi uongo.

Binti yake Dija, ambaye hata miaka mitano hajatimiza, akanivuta nguo. "Shangazi, samaki kafa."

"Usiniambie."

Akanipeleka nyuma ya nyumba. Alikuwa amechukua kipande kutoka kapuni, akakamulia kifuuni, na kisamaki kilikuwa tumbo juu. Nikatazama kifuu cha pili. Kilikuwa na maji tu.

"Na mwenzake yuko wapi?"

Dija akamtazama mdogo wake Hija. Hija alikuwa na magamba mdomoni. Kamla mbichi.

Nilitaka kucheka, moyo ukakataa. Samaki mmoja aliyekufa hasemi kitu. Huenda ni ndiga, huenda ni vidole vya Dija, huenda ni jua. Na hao wawili ndio walikuwa wa mwisho kwenye kigae tulichowafugia. Nikaingia jikoni.

"Wifi, ngoja kidogo. Ndiga hii siiamini."

"Kwa ajili ya kisamaki?" Fatu hakugeuka. "Siku zimetimia, wifi. Mtazame Hija shingo yake. Mtazame!"

Nilimtazama. Shingo ilikuwa kama bua la mtama. Nikikosea, nitakuwa nimewanyima watoto chakula kwa upuuzi wangu. Nisipokosea, sikutaka hata kumaliza wazo hilo.

"Nakwenda kijitoni kutafuta samaki mwingine. Usipakue mpaka nirudi."

"Nenda," akasema. "Ikiiva, napakua."

Nilikimbia kama mguu wangu unavyokimbia, yaani vibaya. Njia nzima niliona midomo ya watoto ikifunguka. Nikajilaumu, nikamlaumu Fatu, nikamlaumu Bwanausi aliyechelewa. Nikafika.

Kijito kilikuwa kimesimama. Siku zote hizo jua lilikuwa likikinywa, na maji yaliyokuwa yakienda tulipoloweka yalibaki kidimbwi kisichotikisika. Kapu la pili lilikuwa katikati. Samaki wote walikuwa wakielea kulizunguka, tumbo juu.

Niliokota kiganja kizima nikarudi. Nilianguka, nikainuka, sauti ya kupiga ukelele sikuwa nayo. Karibu na nyumba nikasikia kilio cha mtoto.

Aliyekuwa akilia ni Dija. Alikaa kando ya chungu, vidole vya mama yake vimechorwa shavuni. Chungu kilijaa mchanga hadi mdomoni.

"Katia mchanga!" Fatu alinipigia kelele. "Nimeingia ndani kuchukua sahani tu, huyu mwanaharamu katia mchanga chakula chote!"

"Nilimwonyesha samaki," Dija akasema kwa kwikwi. "Mama hakutaka kutazama."

Nilifungua kiganja changu mbele ya Fatu. "Kijito kimesimama, wifi. Wamekufa wote."

Alitazama samaki, akatazama mkono wake uliopiga. Kisha akasema, kwa sauti ndogo mno, "Hija nimemwonjesha. Upawa mmoja."

Tulimweka Hija kati yetu kivulini. Kila aliposhikwa na kwikwi Fatu alinishika mkono. Kila alipofumba macho nilimfinya, akanuna, akafumba tena. Mdomo ulimtoka povu kidogo, au labda yalikuwa mate. Fatu alimvuta Dija mapajani. "Nionyeshe tena," akamwambia, "hicho kifuu." Dija akakileta bila kumwaga, akamweleza mama yake kila kitu, cha ndiga na cha maji matupu, naye Fatu akasikiliza hadi mwisho.

Ilipoadhiniwa magharibi Hija aliinuka. Akatutazama kwa hasira.

"Njaa," akasema.

Hatukuwa na kitu cha kumpa. Fatu alimkumbatia akicheka huku machozi yanamtoka, na mimi nikacheka naye.