Mtandao wa Ruperto

Siku ya nne ya matanga, maiti akiwa bado nyumbani, homa ya Kiara ilikuwa bado haijashuka.

Habari hiyo ilimfikia Aling Dominga, yaani Bi Dominga, akiwa ameketi kwenye benchi la dukani kwa Charing, benchi lilelile ambalo mumewe, marehemu Ruperto, alilichakaza kwa kulikalia. Ukutani juu ya benchi kulikuwa na sanduku la intaneti. Unatumbukiza sarafu ya peso moja, sanduku linakupa dakika zako, zikiisha unatumbukiza nyingine. Ruperto alikuwa na kopo zima la sarafu kwa kazi hiyo tu. Kila alasiri alikuja hapo kumpigia mjukuu wake aliyezaliwa Milano, ambaye hakuwahi hata kumshika mkono. Kiara, mtoto wa miaka miwili, alimjua Lolo wake, yaani babu, kama mtu anayeishi ndani ya simu. Akiwa anakula biskuti alikuwa akiisogeza kwenye kioo amlishe, na Ruperto, mzee mzima na mvi zake, alifungua kinywa, akatafuna hewa na kusema ni tamu. Dominga alikuwa akimcheka mbele za watu. Alimwambia ipo siku nzi atamwingia kinywani.

Sasa simu ya Ruperto ilikuwa mkononi mwa Dominga, na ndani yake binti yao Lourdelyn alikuwa analia. Alieleza kwamba daktari wa huko amesema ni mafua tu, lakini tangu siku ile baba alipokata roho, mtoto anaokota simu iliyozimwa na kuongea nayo. Jana alicheka nayo kabisa.

Tiya Sidra, yaani Shangazi Sidra, dada mkubwa wa marehemu, alikuwa amesogeza sikio lake zuri karibu na simu bila kukaribishwa. Alijiinua, akaegemea fimbo yake.

"Anatembelewa huyo," alisema. "Ndugu yangu bado hajaondoka. Yuko kwa mtoto."

Hakuna aliyebisha, kwa sababu dawa yake inajulikana. Kabla jeneza halijashushwa, watoto wadogo wa ukoo hunyanyuliwa mmoja mmoja na kupitishwa juu yake, kutoka mikono ya huyu hadi mikono ya yule, jina likitajwa, ili maiti awaage na asiwafuate tena. Wajukuu wa Sidra wangevushwa wote. Wa Ruperto alikuwa mmoja tu, na huyo mmoja alikuwa Milano. Karatasi za ukaazi za Lourdelyn zilikuwa ofisini zinasubiri muhuri. Angetoka nje ya nchi ile, mlango ungefungwa nyuma yake. Dominga aliliwazia hilo. Kumzika mume ni msiba, lakini msiba una taratibu zake na mtu huzifuata. Kumwacha mume aende kaburini akiwa bado amemshika mjukuu, hilo halikuwa na utaratibu.

"Basi atavushwa kwa simu," alisema.

"Tuvushe simu?" Sidra aliuliza. "Kwani simu ndiyo yenye homa?"

"Ruperto alikuwa babu kwa simu, wala hukusema kitu. Amembembeleza kwa simu, amemwimbia kwa simu. Kama anamfuata mtoto mpaka Milano, wifi yangu, unadhani anapitia wapi?"

Sidra aliinama kwenye kioo na kumwagiza Lourdelyn amvalishe mtoto nguo nyekundu, rangi ya kumkinga na wafu.

Kikwazo kilikuwa makaburi yenyewe. Makaburi ya Dulong Sapa yako bondeni nyuma ya kilima, na mnara wa simu uko upande wa pili. Ukipita lango la makaburini kuteremka, simu yako inakuwa tochi. Lakini kwetu mtandao haumshindi mtu mwenye mwanzi. Charing, mwenye duka, alikumbusha kwamba wakati wa kimbunga walifunga simu kwenye ncha ya mwanzi mrefu, wakausimamisha, na simu ile ikadaka mtandao huko juu na kuzirushia simu nyingine zilizo chini. Isko, dereva wa traisikeli, ile pikipiki yenye kigari cha abiria ubavuni, alikwenda kukata mwanzi bila kuambiwa mara ya pili.

Ikabaki bando. Na hapa lazima watu hawa wapewe sifa zao, maana hazisemwi. Mtu wa Dulong Sapa hanunui chupa ya mafuta ya kupikia, ananunua kifuko cha kukaangia leo. Hivyohivyo hanunui mwezi wa intaneti. Ananunua siku tatu, au saa za asubuhi, au bando la video peke yake wakati mtoto ana mtihani. Wenye makampuni hudhani wanamuuzia makombo. Kumbe kwa makombo hayo watu wamesomesha watoto, wamechumbiana, wamelea ndoa iliyotenganishwa na bahari mbili miaka kumi na isivunjike. Charing aliyajua mabando yote kwa majina, kama mama mwenye watoto wengi, na alimchagulia Dominga lile la siku moja lenye kubeba video bila kukwama.

Waliokuja matangani na fedha waliweka fedha kwenye bakuli kando ya jeneza. Wasio na fedha walituma salio kwenye namba ya Ruperto, peso chache chache, na simu ikawa inalia tititi katikati ya rozari. Rambirambi haishukuriwi. Ukisema asante kwa mchango wa maiti unakaribisha maiti mwingine, kwa hiyo Dominga alikuwa akitikisa kichwa tu na kuuma ulimi.

Kabla ya mazishi waliujaribu mwanzi uani. Simu ya kupachikwa juu ilikuwa ya Ruperto, na ya kuvushwa ingekuwa ya Charing. Mtandao ukatokea kwenye simu zote za jirani kwa jina RUPERTO, kwa herufi kubwa, kama marehemu alivyouandika mwenyewe. Kifo cha wengi harusi. Meza ya karata, maana kwetu maiti hukeshwa kwa karata, ilikuwa imejaa, na wacheza karata wakaomba neno la siri kidogo tu, wapitishe wakati. Dominga angemnyimaje mtu aliyekesha na mumewe? Akawapa. Walio jikoni nao wakapewa na wacheza karata, na walioleta maua wakapewa na walio jikoni.

Siku ya maziko jua lilikuwa kali. Kijiji kizima kiliteremka nyuma ya jeneza, na Padre Anselmo mbele, kijana mwenye haraka kwa sababu alikuwa na ubatizo unaomsubiri kijiji cha jirani. Isko alisimamisha mwanzi katikati ya makaburi, akaukumbatia kama mlingoti wa bendera. Wajukuu wa Sidra wakavushwa, wawili wakicheka na mmoja akipiga mateke. Kisha Dominga akawasha simu ya Charing.

Lourdelyn akatokea. Ilikuwa asubuhi huko kwake. Akamsogeza Kiara mbele, mtoto kwenye sweta jekundu, macho mazito kwa homa, mkononi kipande cha biskuti ambacho hakuwa akikila. Dominga akasogea kwenye ukingo wa jeneza, Sidra akajipanga upande wa pili na kunyoosha mikono. Na hapo hapo picha ikaganda. Mdomo wa Kiara ulibaki nusu wazi. Halafu kioo chote kikawa cheusi.

Isko alishusha mwanzi, Charing akasoma ujumbe uliokuwa kwenye simu ya Ruperto. Bando limekwisha.

"Limekwishaje?" Dominga aliuliza. "Nimejiunga leo."

Charing aliitazama mifuko ya suruali, mifuko ya mashati, mikoba ya kina mama. Kikulacho ki nguoni mwako. Kila simu iliyopewa neno la siri matangani ilikuwa haijasahau, na tangu mwanzi uliposimama zote zilikuwa zimejiunga na RUPERTO zenyewe, kimyakimya, zikivuta picha, video za mapishi na mechi za mpira wa kikapu. Binamu mmoja alikuwa akiurusha msiba mzima moja kwa moja kwa ndugu walioko Kuwait.

"Mmemla ndugu yangu mpaka kaburini," Sidra alisema, na sauti yake ilifika kila mahali. "Zimeni."

Simu zilizimwa kwa aibu, moja baada ya nyingine. Dominga alibaki ameshika simu ya Charing kwa mikono miwili. Machozi ambayo hakuyatoa siku zote za matanga yalikuja sasa, kwa sababu ya bando, na alichukia kuonekana akililia bando. Wachimba kaburi waliangalia saruji yao inavyokauka. Padre alitazama saa.

Wa kwanza kugeuka alikuwa yule binamu aliyekuwa akiurusha msiba Kuwait. Alipanda mteremko mpaka langoni, mahali simu zinaporudi kuwa simu, akaanza kubonyeza. Akafuatwa na wacheza karata wote. Kisha kina mama wa jikoni, wameshika magauni yasiburuze matope, kisha walioleta maua, mpaka pale kaburini wakabaki wafiwa, wachimba kaburi, padre na Ruperto. Charing naye alijikokota na simu ya marehemu, akihema, na Isko akaubeba mwanzi begani. Kutoka bondeni Dominga aliwaona wamejazana langoni, vichwa vimeinama kama watu wanaosali, na akaanza kusikia ile simu. Tititi. Tititi. Kila aliyekuwa na salio la kuchatia, la nauli, la mchumba, alilihamishia kwenye namba ya maiti. Haba na haba hujaza kibaba, lakini mtu anahitaji kuona kibaba kinajaa ndipo aelewe msemo huo unazungumzia nini.

Padre Anselmo alikohoa. Aliingiza mkono chini ya vazi lake, akatoa simu yake, akaitazama.

"Aling Dominga," alisema polepole, "hata mimi nilikuwa nimejiunga."

"Najua, Padre. Mimi ndiye niliyekupa neno la siri."

Padre naye akapanda mteremko, nusu akikimbia, na simu ikalia mara moja zaidi.

Charing aliunga bando kubwa kuliko la kwanza. Waliporudi, Dominga hakuweza kuwashukuru, maana rambirambi haishukuriwi. Alichoweza kusema ni, "Haya, ziwe zimezimwa kweli." Watu wakacheka kidogo, wakapumua, na mwanzi ukasimama tena.

Lourdelyn alijibu kabla simu haijaita sawasawa. Safari hii Dominga hakungoja. Aligeuza kioo kikatazama chini, ili mtoto na babu yake watazamane, akainyoosha simu juu ya kifuniko cha jeneza ambapo ilikuwepo picha ya Ruperto na kofia yake ya majani.

"Kiara," Sidra aliita.

Hakuna aliyeona kitu, walisikia tu. Sauti ndogo ilitoka chini ya mkono wa Dominga.

"Lolo. Nyam."

Halafu mtoto akasubiri. Hakuna aliyetafuna, hakuna aliyesema ni tamu. Dominga alihisi mikono inataka kurudi nyuma, inamrudisha mtoto kwa yule mzee dakika moja zaidi, kwani ilikuwa na ubaya gani? Akailazimisha iende mbele. Sidra akaipokea simu, akaigeuza, na kioo kizima kilikuwa biskuti.

"Amepita," alisema Sidra, na kwa mara ya kwanza tangu afiwe akalia.

Homa ilishuka jioni ileile. Dokta wa Milano angesema ilikuwa ishuke tu, na asemaye hivyo hajakatazwa. Lourdelyn aliandika kwamba mtoto amekula, amelala, na simu iliyozimwa ameipita sakafuni bila kuiokota. Dominga aliusoma ujumbe huo mara nyingi. Alifurahi kweli. Na bado, siku zote tisa za sala zinazofuata maziko, aliacha mlango wa jikoni wazi kidogo. Watu wazima hawavushwi. Yeye, kama Ruperto angetaka kuja, alikuwa hana kinga yoyote, lakini mumewe hakuja.

Sala zilipokwisha alichukua lile kopo la sarafu, akaenda dukani kwa Charing alasiri, akakaa kwenye benchi. Alitumbukiza sarafu na kupiga. Kiara akatokea, mzima, makombo mashavuni. Alichungulia upande huu wa kioo na upande ule, kama anayetafuta mtu aliyezoea kukaa hapo, kisha macho yake yakatulia kwa bibi. Akawaza. Akaisogeza biskuti.

Dominga alitazama kama kuna anayemwona. Charing alikuwa anamwona, na Isko, na wanawake wawili waliokuja kununua mafuta.

Akafungua kinywa, akatafuna, akasema ni tamu.