Bibi wa Kutengeneza

Jacqueline alikuwa na mkono wa kuzeesha picha. Ukimpelekea sura iliyopigwa asubuhi hii pale Mnazi Mmoja, unaondoka na sura iliyopigwa kabla mama yako hajazaliwa. Kwanza anaondoa rangi zote. Kisha weusi anauvunja nguvu mpaka unakuwa majivu, weupe anautia uchafu kidogo ufanane na chai ya maziwa, halafu anamwagia chembechembe na mikwaruzo ya filamu za zamani. Vijana wa Kariakoo walipanda ngazi za studio yake na suti za kuazima, wakashuka wanafanana na babu zao. Kazi safi ile, wala si uongo, maana kila mtu anajua ni mchezo.

Uongo ulianzia Upanga, sebuleni kwa wakwe watarajiwa.

Mama Theophil, mzazi wa mchumba wake, ana ukuta mzima wa wazee. Babu na koti zito la baridi ya mlimani, bibi na mwavuli, katekista na rozari yake, wote weusi na weupe, wote wamekunja nyuso kana kwamba mpiga picha aliwakosea. Alimzungusha Jacqueline akimtambulisha kwa mmoja mmoja, kisha akauliza kwa upole kabisa, "Na nyie mwanangu, za wazee wenu mnazitundika wapi?"

Upole ule ndio uliomchoma. Kwao Magomeni ukutani kuna kalenda ya duka la magodoro. Bibi yake mzaa mama alifia Rombo bila kupigwa picha hata moja maishani. Kusema hivyo si aibu, nusu ya nchi hii ina mabibi wa namna hiyo. Lakini Jacqueline aliona aibu, na aibu ikishakuingia kinywani inajibu yenyewe.

"Zipo, mama. Ya bibi mtaiona siku ya sendofu, nikiagwa na kwetu."

Sasa bibi atapatikana wapi? Jibu alikuwa nalo nyumbani. Ndugu wote husema Candida, mama yake, ni bibi mtupu, kachukua sura nzima hakubakiza kitu.

Candida anauza sufuria Kariakoo. Aliposikia anaitwa studio kupigwa picha ya sendofu, alimwachia meza jirani yake Mwanamkuu, akaoga, akapanda ngazi akihema ndani ya kitenge kipya cha rangi ya chungwa, mabega yamesimama wima.

"Mama wa bibi harusi lazima aonekane," alisema.

"Kivue kwanza, mama." Jacqueline alimpa kaniki iliyopauka na kitambaa cha kichwa. "Na hereni. Ndiyo staili ya sasa."

"Staili ya kuonekana fukara?" Candida alicheka, akavua. "Haya. Lakini na ya kitenge utanipiga?"

"Nitakupiga. Usicheke sasa, mama, kunja uso kidogo."

Akakunja. Alikunja vizuri mno, kama mtoto anayetaka kumpendeza mwalimu. Kisha wateja wakaingia, na Candida akarudi kwenye sufuria zake na kitenge chake hakijapigwa.

Kesho yake Jacqueline akakaa kwenye kompyuta. Alishazeesha watu chungu nzima bila moyo kumgusa, lakini hii ilimtoa jasho. Kila alipopunguza weusi wa macho, mama yake alizidi kuwa mbali. Alipochora mkunjo kwenye kona, ionekane ilikaa sandukuni miaka mingi, alijikuta anaona haya kuitazama ile sura. Alijua anachofanya. Anamuua mama yake taratibu ili amfae ukutani kwa watu. Alijua, na hakuacha.

"Imetoka?" Candida aliuliza siku hiyo, na siku zilizofuata.

"Utaiona ukumbini, mama."

Candida hakuuliza zaidi, ila alimtangazia kila mwenye meza sokoni kwamba picha yake itawekwa mbele ya watu. Jacqueline alikusudia kumwambia ukweli. Kila siku alikusudia. Alijidanganya kuwa picha itakaa kimya pembeni katikati ya maua, na Anuari, mshereheshaji, aliambiwa tu kuwa ni ya marehemu bibi. Alisahau kwamba kwetu marehemu hawekwi mbele ya watu kama pambo. Akiwekwa, watu husimama.

Siku ikafika. Ukumbi wa Magomeni ulijaa, na Candida alikaa meza ya mbele ndani ya kitenge chake cha chungwa, macho kwenye ile picha iliyofunikwa kitambaa.

"Ndugu zangu," Anuari alisema, "kabla ya keki, tunaye mzee wetu aliyetangulia. Marehemu bibi, mzaa mama wa bibi harusi. Tusimame, tumkumbuke kwa dakika moja."

Kitambaa kikaondolewa. Viti vikakwaruza sakafu.

"Makubwa!" Mwanamkuu alimshika Candida mkono. "Si wewe huyo, Mama Jack?"

Candida alitazama picha. Akamtazama binti yake. Jacqueline alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Nyamaza, Mwanamkuu," Candida alinong'ona. "Simama."

Naye akasimama. Akainamisha kichwa, akafanya ishara ya msalaba, akajiombea mwenyewe pumziko la milele. Jacqueline aliona midomo yake ikicheza. Maishani mwake hajawahi kuona haya kama yale.

Ikaja keki. Jacqueline alipiga magoti mbele ya mama yake, kama ada inavyotaka, akamlisha kipande. Mama Theophil alisogea akijifuta machozi.

"Jamani, mmefanana! Picha hii naiomba, ikae kwangu na wazee wetu. Alifariki lini?"

Candida alimeza keki kwanza.

"Muulize Jack," alisema taratibu. "Yeye ndiye aliyemzika."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Jacqueline iliishia pale magotini.

"Hajafa, mama," alisema, na kipaza sauti cha Anuari kilikuwa jirani, ukumbi mzima ukasikia. "Ni huyu mama yangu. Bibi yangu hakuwahi kupigwa picha. Niliona aibu."

"Aibu ya nini, mwanangu?" Mama Theophil aliuliza, kwa upole uleule wa siku ile.

Candida aliinuka, akaiendea picha. Ndiyo kwanza anaiona kwa karibu. Alipitisha kidole kwenye ule mkunjo wa kona, akakuta karatasi ni laini, haina mkunjo wowote.

"Unajua kazi," alisema. "Ila ile ya kitenge hukunipiga."

Jacqueline aligeuka upesi kumwita mpiga picha. Mpiga picha akaja mbio, kamera ikainuliwa. Lakini Candida alikuwa ameshatoa khanga mkobani, amejitanda kama wa msibani, kuanzia kichwani hadi magotini, na rangi ya chungwa haikuonekana tena.