Kilo Tatu za Mkiani

Fundi alikuwa na sifa moja mtaani, na sifa hiyo ndiyo iliyokuja kumtia aibu: hapimi mara mbili. Akiulenga ubao kwa jicho moja, akaguna, akapitisha msumeno, basi umekatwa, na ukikaa mahali pake hausogei. Wateja walipenda kumsimulia. Na yeye, tuseme ukweli, alipenda kusimuliwa. Wahenga walishasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini mtu anayesifiwa huwa na shughuli nyingi, hana muda wa kuwasikiliza wahenga.

Aliyemsifu kuliko wote alikuwa mdogo wake wa kike, tumbo moja, anayefundisha fizikia sekondari. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, hata kaka yake. Miaka sita hawa wawili walikuwa wakijenga ndege. Ndiyo, ndege, usikunje uso. Ndege ndogo ya mbao, ya kiti kimoja, nyuma ya karakana ya Fundi, katikati ya vitanda na makabati ya watu. Fundi alishika mbao, Mwalimu akashika injini na hesabu. Likizo zake zote Mwalimu alizimalizia kwenye masomo ya urubani mpaka akapata leseni, na siku ndege itakapopaa mara ya kwanza, atakayekuwa ndani ni yeye, peke yake.

Sasa, ndege haipendi uzito, na zaidi haipendi uzito uliokaa pabaya. Mkia ukizidi, pua inapanda juu, na rubani anaweza kuusukuma mpini wa kuongozea kwa nguvu zake zote na pua isishuke. Kwa hiyo walikuwa na utaratibu wao. Kila kipande, kabla ya kuungwa, kinawekwa kwenye mizani ndogo ya mezani. Fundi anauandika uzito kwa penseli juu ya mbao yenyewe, kisha Mwalimu ananakili kwenye daftari. Mwalimu hakuwahi kukipima kipande tena. "Kama kaka kaandika," alikuwa akisema, "mimi ni nani nimbishie?"

Jumamosi moja asubuhi wakapima ndege nzima. Mama Nafaka, muuza mahindi na maharage wa mwisho wa mtaa, aliwaazima mizani tatu za kupimia magunia. Mbili wakaziweka chini ya magurudumu ya mbele. Ya tatu wakaipandisha juu ya meza, chini ya kigurudumu cha mkia, ili ndege ilale sawasawa.

Mwalimu akasoma mizani ya kushoto, akatazama daftari, akacheka. Akasoma ya kulia, akapiga kofi. "Kaka, gramu mia! Tumepishana na daftari gramu mia tu!" Akazunguka nyuma kwenye mkia, na huko kicheko kikamkauka.

"Daftari linasema kilo kumi na moja," alisema. "Hii inasema kumi na nne."

Fundi alikuwa ameshika chupa ya maji. Hakunywa, wala hakuiweka chini.

"Kilo tatu, kaka. Kilo tatu kule nyuma, na mimi nikiwa kitini, zinavuka mstari." Mstari wenyewe ulikuwa umechorwa kwa rangi nyekundu ubavuni mwa ndege. Uzito wote ukikutana mbele ya mstari, unaruka. Ukikutana nyuma yake, kaa nyumbani ulee kuku.

Fundi alijua kilo hizo zimetoka wapi. Yeye ndiye aliyeziweka.

Mwaka uliopita, wakati Mwalimu anasahihisha mitihani, Fundi alipokea kazi ya kabati kubwa la milango minne. Karakana ikajaa. Mwalimu alikuwa amemsihi, "Kaka, mkia uache hapo hapo ukutani, usiuguse." Fundi akauteremsha, akaulaza sakafuni apate nafasi. Kisha akaligeuza kabati peke yake, maana kuita msaada ni kwa mafundi wengine, na kabati likamponyoka. Likalala juu ya mkia. Mlio ule wa mbao nyembamba kuvunjika anausikia mpaka leo.

Mbao nyepesi za ndege zilikuwa zimekwisha, na aliyekuwa akiziagiza ni Mwalimu. Kuomba nyingine ni kusema. Basi akachukua mabaki ya lile kabati, mbao nyekundu, ngumu, nzito, akakata vipande vinne vya urefu wa mkono, akaunga palipovunjika kwa plaiwudi na gundi bila kuionea gundi huruma. Ilikuwa kazi imara, kama ungekuwa unajenga kabati. Uzito wa zamani ulikuwa umeandikwa kwenye kipande kilichovunjika, akaunakili kwenye mbao nyekundu, tarakimu kwa tarakimu: kilo sita, gramu mia tatu na kumi. Siku hiyo hiyo akauvika mkia kitambaa kinachofunika mbao za ndege, akapaka rangi. Mkono haukumtetemeka hata kidogo, na baadaye hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Mwalimu aliporudi alipiga kelele za furaha. "Umeshauvika? Peke yako?" Akamkumbatia. Fundi akasema alitaka kumfurahisha.

Na sasa huyu hapa Mwalimu, mikono kiunoni, anaitazama mizani kama anavyomtazama mwanafunzi aliyechelewa. "Mizani mbili zinasema kweli," alisema, "na moja inaongopa. Ngoja tuikamate." Wakauegemeza mkia kwenye kigoda, akaiteremsha mizani ile sakafuni, akapanda juu yake. Mshale ukasimama kwenye sitini na moja. Akaruka chini. "Sitini na moja! Juzi zahanati nilikuwa hamsini na nane. Kilo tatu zilezile, kaka!"

Alikuwa amevaa aproni ya kazi. Mifuko yake miwili ilijaa spana na koleo, na miguuni alikuwa na mabuti. Fundi aliviona vyote. Mwalimu, ambaye angempa mwanafunzi sifuri kwa kosa kama hilo, hakuviona, kwa sababu alikuwa ameshapata jibu alilolitaka. Na jibu lenyewe lilikuwa kwamba kaka yake hakosei.

Sema, Fundi alijiambia. Sema "spana", neno moja tu. Akafungua mdomo, akaufunga. Akainama kama mtu anayetafuta msumari.

"Tungeweka risasi kidogo kwenye pua," alisema akiwa huko chini. "Ile metali nzito ya kwenye betri. Kwa usalama tu."

"Tubebe mzigo kwa ajili ya mizani mbovu? Acha masihara, kaka." Mwalimu alikuwa ameshachomoa kalamu. "Fomu naijaza kwa namba za daftari. Jumatano mkaguzi wa ndege anakuja, Jumapili napaa. Na hizi tunamrudishia mwenyewe sasa hivi, tena namwambia. Watu wanapunjwa pale!"

Akavua aproni na mabuti, akavaa kandambili. Fundi akapakia mizani kwenye mkokoteni. Njia nzima aliomba gurudumu ling'oke, mvua inyeshe, kitu chochote kitokee. Hakikutokea kitu. Kwa mara ya kwanza mkokoteni ule haukupiga hata kelele.

Dukani kulikuwa kumejaa, si unajua Jumamosi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, wanangu. Imepaa?" Mama Nafaka aliuliza hivyo kila alipowaona, mwaka wa sita sasa, na wateja walicheka kila mara.

"Bado, Mama. Ila mizani yako ndiyo imepaa. Hii hapa inazidisha kilo tatu."

Wateja wakageuka. Na muuza nafaka umtukane, umsimange, atakusamehe, lakini mizani yake usiiguse. Mwanamke mmoja aliyekuwa akifunga mfuko wa maharage akaanza kuufungua. Mwingine akadakia, "Ndiyo maana mahindi yangu hayafiki Ijumaa!"

Mama Nafaka hakupandisha sauti. Alipangusa mikono kwenye kanga, akainama chini ya meza, akatoa mawe mawili ya chuma ya kilo kumi kumi, yenye mihuri ya ukaguzi, akayaweka juu ya mizani ile, moja baada ya jingine. "Someni nyie, macho yangu ya kizee."

"Ishirini," wakasema watu.

"Ishirini. Mume wangu nimemzika niko na mizani hizi. Watoto nimewasomesha kwa mizani hizi. Sijaitwa mwizi hata siku moja, mpaka leo, na niliyemwazima bure." Akayashusha yale mawe. "Haya, Mwalimu. Kilo zako unazijua. Panda."

Mwalimu akapanda. Hamsini na nane.

Aliutazama mshale muda mrefu. Fundi aliona mkono wake ukishuka pole pole mpaka kwenye paja, pale panapokuwa na mfuko wa aproni. "Spana," Mwalimu alisema. "Yaa! Nilikuwa na spana."

Akashuka, akapiga magoti palepale kwenye sakafu yenye vumbi la mahindi. "Mama, nisamehe. Nimekuvunjia heshima mbele za watu. Mizani yako ni nzima, mbovu ni mimi." Kisha akamgeukia kaka yake, na macho yalikuwa yamejaa machozi. "Kaka, nimejumlisha vibaya mahali fulani. Miaka sita umenipa namba sahihi, mimi nikaziharibu. Mtu asiyejua kujumlisha hana haki ya kupaa. Nampigia mkaguzi asije. Tuiache tu, kaka. Tuivunje, mbao utengenezee vitanda."

Hapo Fundi angeweza kunyamaza. Ndege ingebaki chini, dada asingedhurika, na siri ingegeuka kitanda cha mtu. Njia ya kutokea ilikuwa wazi kabisa, na aliitazama, tena si kwa haraka. Simpambi. Lakini mdogo wake alikuwa bado amepiga magoti, anajipangusa vumbi kwenye viganja kwa kosa ambalo si lake, na watu wanamtazama.

"Inuka," alisema. "Hesabu yako ni sawa. Namba ndizo za uongo. Niliandika mimi."

Akaeleza. Kabati, mkia, mbao nyekundu, penseli. Alieleza akitazama gunia la maharage, kwa sauti ndogo, mpaka mtu mmoja wa nyuma akasema, "Sema kwa nguvu, Fundi, huku hatusikii," ikambidi aanze tena tangu mwanzo. Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu wa mbele walishajua kinachokuja.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," Mama Nafaka alisema alipomaliza. "Na kifo chenyewe ungemtwisha mdogo wako." Akamgeukia yule wa mfuko wa maharage. "Na wewe, funga mfuko wako."

Fundi alimwomba radhi Mama Nafaka, naye akamwambia amesikia. Hakusema amesamehe. Mwalimu alikuwa amesimama tayari. Hakulia tena.

"Na spana?" aliuliza. "Nilipopanda pale karakana. Uliziona?"

Swali hilo Fundi hakulitegemea. Angelitegemea pengine angeshatafuta uongo wa kulijibu.

"Niliziona."

Mwalimu alitikisa kichwa taratibu, kama anayesikia jina la ugonjwa. Laiti angemtukana. "Kabati ningekusamehe siku ileile, kaka. Kabati ni ajali." Akatoka dukani peke yake, na Fundi akabaki na mkokoteni mtupu mbele za watu.

Alasiri hiyo alikichana kitambaa cha mkia kwa kisu chake mwenyewe, akavitoa vile vipande vinne na plaiwudi yake na madonge ya gundi. Mwalimu alivipima, akatoa uzito wa zile mbao nyembamba ambazo vilichukua nafasi yake, akabaki na kilo tatu kasoro gramu arobaini. Akaandika kwenye daftari kwa mkono wake, na mkaguzi akaambiwa asubiri.

Mbao nyepesi zilifika baada ya miezi miwili. Fundi akaujenga mkia upya, na kila kiungo alikipima mara mbili, mara tatu. Wateja walimcheka kwamba amezeeka. Alipomaliza aliuweka kwenye mizani ya mezani, akausoma, akaushusha, akaurudisha, akausoma tena, ndipo akauinua, akauandika kwa penseli.

"Mwalimu," aliita. "Kilo sita, gramu mia mbili na tisini."

"Asante, kaka," Mwalimu alisema, kwa adabu, kama anavyowajibu wazazi wa wanafunzi wake. Hakufungua daftari. Alitoa spana mifukoni, moja moja, akazipanga mezani. Akauchukua mkia mikononi mwa kaka yake, akaurudisha juu ya mizani, akarudi nyuma hatua moja.

Fundi akajikuta anausubiri mshale naye, kama mtu asiyejua utasimama wapi.