Gololi za Foki ya Wabwire

Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mama Ayuma alimpelekea Willis, fundi wa baiskeli wa pale mtaani Lucky Summer, baiskeli ya marehemu mumewe, Wabwire. Usukani ulikuwa unavuta kushoto.

Willis alitoa gurudumu la mbele, akafungua nati, akachomoa foki, ule uma unaoshika gurudumu, taratibu. Gololi za chuma zinazozungusha usukani hazina adabu. Zikianguka utazitafuta hadi Krismasi. Akazimwaga kwenye kifuniko chenye mafuta taa.

Gololi zikatoka zenyewe, zikashika mstari, zikapanda mlima kuelekea kiwanda cha chuma alikofanya kazi Wabwire. Willis akatazama saa.

"Zimechelewa."

"Hata yeye alikuwa hivyo hivyo," alisema Mama Ayuma. "Alikuwa hatoki bila kikombe cha pili, mpenda chai yule!"

Wakazifuata. Langoni, bawabu Githinji alizisimamisha kama anavyosimamisha kila mtu, akaandika kitabuni: Wabwire, saa moja na dakika mbili.

"Mwendo ni wake," alisema, akafungua.

Miaka miwili sasa, tangu mashine imuue Wabwire humo ndani, kiwanda kilishikilia kwamba siku hiyo hakuingia kazini. Ukurasa wa siku hiyo katika kitabu cha langoni ulikuwa umechanwa. Mama Ayuma hakutaka kingine ila waseme aliingia. Akakiomba kile kitabu, akakipeleka ofisini mbio.

Karani Maurine alikisoma kwa makini.

"Kiko sawa kabisa, mama. Lakini hii ni ya leo. Tunataka ya siku ile."

Saa kumi na moja jioni king'ora cha kiwanda kikalia. Gololi zikatoka, zina joto na vumbi la chuma. Willis akaziosha, akazipanga kwenye grisi, akaacha nafasi ya moja kama ifanywavyo, maana zikibanana hazizunguki.

"Usimbanie grisi, fundi. Amechoka huyu." Mama Ayuma aliifuta foki kwa leso yake, akacheka, kisha akalia kidogo.

Sasa kila Ijumaa foki hufunguliwa. Katika kitabu cha Githinji, Wabwire ameingia mara arobaini na kutoka mara arobaini. Ofisini bado wanasema siku ile hakuingia.