Rangi Juu ya Kutu

Upande wa kulia wa ekseli ulikubali asubuhi. Wa kushoto ulikataa katakata, na jua lilipoanza kuinama Jagnarayan alikuwa bado amelala chali chini ya trekta lake, kutu imemjaa machoni, mikono haimtaki tena.

Ekseli ya mbele ilikuwa bomba ndani ya bomba. Unachomoa bolti, unalivuta au kulisukuma la ndani, magurudumu yanapanuka au yanasogeleana. Jagnarayan aliyapanua mara moja tu, mwaka aliolinunua trekta hilo, yalingane na mistari ya miwa, kisha akakaza bolti akasahau. Grisi hakuipaka hata siku moja. Alichopaka ni rangi. Kila sikukuu ya Diwali ikikaribia, akishamaliza nyumba, nyekundu iliyobaki huimalizia kwenye trekta, maungio na yote, na majirani pale Labasa, kisiwani kwao, wakalisifu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mvua haijali sifa. Iliingilia kwenye matundu ya bolti kwa chini, ikakaa humo, na rangi ikaizuia isikauke.

Sasa lori la kumpeleka yeye na mkewe kivukoni lilikuwa linasubiri barabarani. Mkataba wa kukodi shamba umekwisha, ardhi inarudi kwa ukoo wenye nayo. Kule Nausori, kisiwa cha pili wanakohamia, mwenye trekta atalimia watu apate riziki. Asiye nalo atashika jembe la mwenziwe. Na bodi la lori lilikuwa jembamba. Magurudumu ya nyuma walikwisha kuyageuza ndani nje, yakasogeleana. Haya ya mbele yasiposogea, trekta linabaki.

Sakiusa alikuja na mtungi wa gesi wa kuchomelea. Alikuwa wa ukoo huohuo wenye ardhi, na amekata miwa na Jagnarayan tangu ujana wao.

"Kaka, hili ulilipaka grisi lini?"

"Usinichokoze, Sakiusa."

"Nauliza tu. Babu yangu angetoka kaburini upesi kuliko hili bomba."

Phulmati, mke wa Jagnarayan, alikuwa amekaa juu ya furushi la magodoro. "Muulize barua ya kuhama aliipata lini. Mwaka mzima namwambia, baba Roshni, yasogeze hayo magurudumu mapema. Jibu lake kesho, kesho."

Jagnarayan akatoka chini ya trekta, akaketi matopeni. Alikuwa amechoka hata kukasirika hawezi.

"Ningeyasogeza," alisema, "watu wangejua tunaondoka."

"Watu walijua. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa hujui."

Sakiusa akawasha moto, akalipasha bomba la nje mpaka rangi ya Diwali zote ikavimba na kunuka.

"Usilipige nchani, utalivimbisha," akasema. "Gonga ubavuni, ukilizunguka. Taratibu."

Jagnarayan akagonga. Wakamwagia dizeli, wakapasha tena, wakagonga tena. Hatimaye bomba likalia, likazunguka kidogo, likaingia ndani likitema unga mwekundu. Alitamani kufurahi, asipate nguvu. Akalichomoa lote, akalisugua kwa msasa, akalipaka grisi nene kila mahali kwa kiganja chake.

"Leo ndiyo unapaka?" mkewe akauliza.

"Nisije nikalipanua tena nikashindwa."

"Huko hakuna miwa, baba Roshni."

Akalirudisha bomba, akafunga bolti.

Njia ya kwenda barabarani ilikuwa imekatwa na mafuriko, ikabidi apite shambani, kwenye visiki vya miwa iliyovunwa, machipukizi yameshafika kwenye goti. Miaka yote ile magurudumu yalikuwa yakipita katikati ya mistari bila kugusa hata jani. Sasa, yakiwa yamesogeleana, yalipanda juu ya mistari yenyewe. Jagnarayan alisikia machipukizi yakivunjika, akasimamisha trekta.

"Twende, kaka," Sakiusa akaita kutoka nyuma. "Yatachipua tena."

"Nayakanyaga."

"Si unayaona ni machipukizi tu."

"Si yangu tena, Sakiusa. Wewe ndiye wa kusema."

Sakiusa akatazama vilima. Phulmati alikuwa ametangulia na furushi kichwani. Naye akasimama, asigeuke.

"Pita," Sakiusa akasema mwishowe, kwa sauti ya mwenye shamba anayempa mgeni njia, na yeye mwenyewe akaisikia, akainamisha kichwa. Jagnarayan akatia gia, akapita.